Nyumba ya mwaloni haiponi kwa saruji

SWALI: Tumenunua nyumba ya zamani ya shambani huko Suffolk, Uingereza, ya karne ya 17. Ina fremu ya mwaloni na kuta za fito zilizokandikwa udongo; nje imepigwa lipu ya saruji. Ndani kuta zina unyevu hadi usawa wa goti. Kampuni moja ilikuja kupima bure, ikashauri tudunge dawa ya kuzuia unyevu ukutani kisha tupige lipu ya saruji na ndani pia. Tukubali?

JIBU: Msikubali, dada. Hiyo saruji ya nje ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Kinachoniudhi ni imani kwamba ukuta ukilowa, tiba yake ni kuuziba. Saruji ya Portland ilisajiliwa 1824. Waliojenga nyumba yenu walitumia udongo na chokaa, vitu vinavyonyonya maji na kuyaachia tena. Mwaloni hujongea kidogo majira yakibadilika, saruji haijongei, kwa hiyo hupasuka. Mvua huingia kwenye nyufa nyembamba kama unywele, na ikishaingia haina pa kutokea. Hushuka hadi kwenye boriti ya chini inayobeba nguzo zote. Nimebandua lipu za namna hiyo: nje ukuta ni laini na mkavu, lakini bisibisi inazama kwenye boriti hadi mpini.

Na hiyo dawa itadungwa wapi? Imetengenezwa kwa kuta za matofali au mawe, na ukuta wa fito hauna hata mstari mmoja wa matofali. Kifaa chao chenye sindano mbili nacho hupima jinsi umeme unavyopita, na namba zake zimepangiwa mbao. Kwenye lipu yenye chumvi hupanda hata pasipo na maji mengi. Anayepima bure hulipwa kwa dawa atakayouza. Mlipeni mkaguzi wa majengo ya kale asiyeuza chochote. SPAB, jumuiya iliyoanzishwa 1877 kulinda majengo ya kale, hutoa ushauri wa kiufundi bure kwa simu.

Kwanza tazameni mifereji ya paa, kisha udongo au zege lililorundikwa nje hadi kuifikia boriti; liondolewe. Saruji ibanduliwe taratibu na fundi wa chokaa, maana huweza kung'oka na udongo wake. Boriti ikiwa imeoza, mhandisi aione kabla ya kubandua, kwa kuwa wakati mwingine ganda hilo la saruji ndilo linaloshikilia ukuta.

Wenye nyumba za mawe na chokaa Lamu na Unguja, nanyi mnauziwa saruji hiyo hiyo, na kuta zenu huharibika vivyo hivyo.

Dada, angalia pia kama nyumba imo katika orodha ya majengo yanayolindwa. Kama imo, kuibadilisha bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai chini ya sheria ya 1990, na amri ya kurekebisha haina ukomo wa muda: humfikia mwenye nyumba wa sasa hata kama saruji ilipigwa na aliyemuuzia.