Kumshtaki muuzaji mwenyewe bila wakili: makaratasi nilivyoyapanga

Dada uliyeuliza, nimesoma yako yote. TV imekufa baada ya wiki mbili, muuzaji akakuzungusha mwisho akakublok, sasa wataka kujua kama waeza kwenda kortini peke yako na ubebe karatasi gani. Waeza, mie nimeenda, hapa hapa Mombasa, kwa sababu ya friza.

Korti yenyewe ni ile ya Madai Madogo, iko na sheria yake ya 2016, dai lisizidi shilingi milioni moja, kesi imepewa siku 60 tangu kufailiwa iwe imekwisha, na Kiswahili unaongea bila tabu. Wakili si lazima. Lakini kukosa wakili maana yake ni kwamba kazi ya wakili utaifanya wewe, na kazi yenyewe karibu yote ni karatasi.

Mie nauza samaki. Friza nilinunua 48,000 na waranti ya mwaka mmoja, wiki ya tatu ikaacha kugandisha, nikapiga simu naambiwa ni umeme wa kwenu, nikapiga tena naambiwa fundi yuaja, fundi hakuja, samaki wakaoza nikamwaga mwenyewe huku nalia. Nikasema hii sikubali.

Cha kwanza nilichotaka kukosea ni jina, na hapa ndipo nakuomba usome polepole. Risiti ilikuwa na jina la duka tu. Jina la duka si mtu, huwezi kushtaki kibandiko cha mlangoni! Ikiwa ni biashara ya mtu mmoja basi unamshtaki yeye, unaandika fulani bin fulani anayefanya biashara kwa jina la duka kadha, na ikiwa ni kampuni unaandika jina la kampuni lile lile lilivyosajiliwa, na neno Limited mwisho. Tafuta kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, upande wa usajili wa biashara, unalipia kidogo unapewa mwenyewe ni nani. Halafu angalia meseji ya M-Pesa, jina lililotokea ulipolipa till, yaani namba ya malipo ya duka, mara nyingi si lile la duka, langu lilikuwa tofauti kabisa na ndilo lililonipeleka kwa mwenye mali. Ukikosea jina waeza kushinda kesi na usipate wa kumdai.

Cha pili, risiti. Zile za mashine karatasi yake hufutika na joto, yangu niliibandika ukutani karibu na jiko, nilipoitoa ikawa nyeupe imebaki tarehe tu na nusu ya bei. Nilichoka hapo. Kilichoniokoa ni taarifa ya M-Pesa, ile unaitishia unatumiwa kwa imeili, na kadi ya waranti iliyokuwa na namba ya friza. Kwa hivyo leo hii kabla hujalala, toa kopi ya risiti na uipige picha.

Kisha barua ya madai. Usiruke hii. Ukurasa mmoja: nilinunua nini, lini, bei gani, kimeharibika lini, nataka nini, na siku ngapi namngojea, mie nilimpa 14. Matusi usitie hata moja, hata kama yuastahili, maana barua hiyo hiyo ndiyo atakayoisoma hakimu. Peleka dukani ubaki na kopi waliyoitia sahihi, wakikataa kutia sahihi itume pia kwa WhatsApp na imeili.

Hizo meseji za WhatsApp zichapishe zikiwa na tarehe na namba yake inaonekana, usikate kipande kinachokufaa peke yake. Pamoja nazo weka cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kile cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, unaeleza simu gani ilitumika, nani aliyechapisha na wapi. Korti hii haibani sana mambo ya ushahidi lakini weka tu, usimpe unayemshtaki pa kushika.

Fundi wangu wa mtaani aliandika kwa mkono kwamba kompresa imekufa, akatia jina, namba ya kitambulisho na tarehe. Karatasi moja ile ilizima habari yote ya umeme wa kwetu.

Hesabu nayo iwe na karatasi nyuma yake. Mie niliandika friza 48,000, samaki 11,600 kwa risiti za kule ninakonunua, halafu nikaongeza usumbufu 50,000. Hakimu akauliza kwa upole, mama, hii ya mwisho imetoka wapi? Sikuwa na jibu. Ikafutwa. Zile mbili nilipewa, na gharama za kufaili.

Kufaili ni mtandaoni, ukiona vigumu nenda saiba yoyote karibu na korti wamezoea. Samansi, yaani ile karatasi ya kumwita mdaiwa kortini, ikishatoka, aliyeipeleka aape kwamba imemfikia, bila hiyo siku ya kesi mdaiwa asipokuja utaambiwa urudi.

Na hiyo simu yenye meseji usiiuze wala usiiflashi mpaka pesa ziingie.