Maswali ya Wasomaji: Kutoka Kigoma hadi Tokyo mkiwa kundi

SWALI: Shikamooni. Kikundi chetu cha watu 14 kimealikwa Japani, na wengi wetu hatujawahi kupanda ndege. Tunaanzia Kigoma. Safari hiyo ni saa ngapi hasa, na tufanyeje tusipoteane njiani?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Marahaba. Safari ya kundi huharibikia pale pa kubadili ndege, mara chache angani. Msitue Dar kutoka Kigoma na kuondoka siku hiyohiyo. Tiketi ya ndani ikiwa imekatwa mbali na ya nje, ndege ya Kigoma ikichelewa hasara ni yenu: shirika la pili halina wajibu wa kuwasubiri, na kupata viti 14 kwa pamoja kesho yake ni bahati. Laleni Dar. Wanaokuja kwa treni wahesabu kama siku mbili za reli, kisha waongeze moja ya akiba.

Kwa njia ya Doha, Qatar, mtakuwa angani kama saa 6 kutoka Dar, kisha saa 10 hivi hadi Narita, uwanja wa ndege wa Tokyo. Mkisubiri Doha saa 3, jumla ni 19. Japani iko mbele yetu kwa saa 6, hivyo mkiruka Jumatatu saa 11 jioni mtatua Jumanne saa 12 jioni ya kule, miili yenu ikidhani ni adhuhuri. Wengi hukosea hapo: ndege ya pili yote husafiri mchana wa Japani. Ukilala tangu Doha hadi Narita, usiku wa kwanza utakesha. Lala saa 3 au 4 za mwanzo, halafu jilazimishe kukaa macho, na kila baada ya saa moja au mbili inuka utembee damu isigande miguuni.

Tiketi huandikwa kwa saa 24. Inayotega watu ni kama 00:40 ya tarehe 12, yaani saa 6 na dakika 40 usiku: uwanjani mnatakiwa usiku wa tarehe 11.

Gawaneni makundi matatu, kila moja na kiongozi wa kuhesabu watu baada ya kila ukaguzi na tena mlangoni pa ndege. Pasipoti kila mtu ashike yake. Ile desturi ya kiongozi mmoja kuzibeba zote ni mbaya. Akikwama yeye, mmekwama wote. Dar, someni kibandiko cha kila begi: kiwe na NRT, yaani Narita. Kikiishia DOH, begi litashukia Doha.

Kabla ya kuondoka, kila mmoja ajaze taarifa zake kwenye Visit Japan Web, tovuti ya serikali ya Japani kwa wanaoingia nchini, na kuhifadhi picha ya msimbo wa QR anaopewa, maana Narita simu huenda isiwe na mtandao. Uhamiaji watachukua alama za vidole vya shahada na picha ya uso. Tokyo mjini ni kama kilomita 60, na treni husimama karibu na usiku wa manane. Mkichelewa sana laleni karibu na uwanja, maana teksi za watu 14 zitawaliza.

SWALI: Viza tuombe lini?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Ubalozi wa Japani uko Dar. Nyaraka zikikamilika, hesabu siku 5 za kazi au zaidi. Wenyeji wenu walete mapema barua ya mwaliko na ya udhamini. Majina yafanane na pasipoti herufi kwa herufi.

SWALI: Nasafiri kumwona binti yangu Osaka. Nimpelekee dagaa, mawese, na nyama ya kukausha?
Mama, Mwanga

JIBU: Mama, nyama iache, hata ya kukausha au ya kopo. Bila cheti cha ukaguzi hairuhusiwi, na faini yaweza kufika yeni milioni 3. Maembe nayo yabaki nyumbani. Dagaa wakavu hawamo katika marufuku ya nyama. Wafunge vizuri, uwaeleze forodhani. Mawese yasikae kwenye begi la mkononi, kwa sababu kimiminika kinachozidi mililita 100 hukamatwa. Kwenye begi kubwa, weka nailoni chini ya kifuniko cha chupa, kaza, zungushia solotepu, kisha itie chupa ndani ya ndoo ndogo yenye mfuniko. Yakipata baridi huganda, hivyo chupa inayovuja unaweza kuigundua Osaka tu, nguo zikiwa zimeshakuwa nyekundu. Na kagua vidonge vya mafua: vyenye pseudoephedrine (dawa ya kuzibua pua) zaidi ya asilimia 10 haviingii kule bila kibali kilichoombwa kabla ya safari, hata kama daktari amekuandikia.