OpenBSD kwenye Raspberry Pi 3: nunua waya wa siriali kwanza

Umeandika miniroot ya arm64 (faili ya kusakinishia OpenBSD, mfumo endeshi) kwenye kadi ya SD ya Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, kwa `dd`, umewasha, na muda si muda skrini imekuwa nyeusi tii. Usikimbilie kuandika kadi upya. Mara nyingi mashine iko hai na inangoja majibu, ila inaongea kwenye pini za siriali (zinazopitisha maandishi kwa waya), si HDMI.

Tafuta adapta ya USB ya siriali yenye kijampa cha kuchagua volti, na ukiweke 3.3. Hapa ndipo bodi nyingi hufia: pini za Pi hazistahimili volti 5. Kisha unganisha GND (ardhi) na pini 6, RX (kupokea) ya adapta na pini 8, TX (kutuma) yake na pini 10. Naam, zinapishana: anayesema huyu ndiye anayesikizwa na yule. Waya mwekundu wa VCC (umeme) uache ukining'inia, bodi ina chaja yake. Kwenye laptopu ya Linux andika `screen /dev/ttyUSB0 115200`. Kwenye OpenBSD, `cu -l cuaU0 -s 115200`. Ukiona takataka badala ya herufi, kagua GND na hiyo kasi ya 115200 kabla ya kulaumu kadi.

Huna waya leo? Chomeka kibodi, na ukifika `boot>`, pale mashine inapongoja amri kabla ya kuwaka, andika `set tty fb0`, kisha `boot`. Baada ya kusakinisha, weka mstari huohuo wa `set` kwenye `/etc/boot.conf`. Lakini waya nunua tu. Sababu iko chini.

Mtandao wa kebo ni mwepesi: kwenye Pi 3 B kadi yake ya mtandao inaitwa `smsc0`, na `/etc/hostname.smsc0` inataka maneno mawili, `inet autoconf`. Wi-Fi isubiri `fw_update`, amri ya kupakua firmware.

Saa ndiyo inayosumbua kimyakimya. Pi 3 haina betri ya saa, kwa hiyo stima ikipotea usiku kucha, asubuhi mashine inaamka ikidhani bado ni jana. Vyeti vipya vya HTTPS vinakataliwa kwa sababu kwake "havijaanza", nawe unalaumu bando. Tazama `date` kwanza. Ikiwa imekosea, irekebishe kwa `rdate -n pool.ntp.org`.

Chaja iwe ya 5.1V na 2.5A, kebo fupi na nene. Taa nyekundu ikizimika-zimika, volti imeshuka chini ya 4.63, na hapo ndipo kadi huanza kuharibika. Hapa Kisumu, betri ya sola ya 12V yenye kipunguza volti ni bora kuliko chaja ya ukutani, mradi ukipime kwa mita kabla ya kuchomeka Pi. Radi za alasiri zikianza, chomoa na kebo ya mtandao pia. Watu huchomoa stima tu, halafu radi inaingilia kwenye ruta.

Kwenye `/etc/fstab` ongeza `noatime` ili kadi isiandikwe bure. Hata hivyo, stima ikikatika ghafla, kuna siku mfumo utakataa kuendelea. SSH (njia ya kuingia kwa mbali) haijibu, `ping` haijibu, ilhali kwenye siriali kuna swali moja tu: `Enter pathname of shell or RETURN for sh:`. Bonyeza Enter, andika `fsck -y` ikague na kurekebisha mfumo wa faili, ikimaliza andika `exit`. Ndiyo maana waya ule haufai kukaa Kondele, mtaa wa Kisumu, wakati Pi iko mji mwingine, Maseno.