Mwanangu, usimnyime mtoto maziwa

Kasese, Jumatatu usiku

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa jana niliusoma nikitoka kanisani, nikaurudia mara mbili. Umesema mjukuu wangu, mume wangu mdogo, alirudishwa kutoka bebi klasi siku ya Ijumaa akiwa na joto, Jumamosi akakataa chai, na jana asubuhi ulipomvua soksi ukakuta malengelenge kwenye nyayo, mengine kwenye viganja, na ulimi umejaa vidonda. Mwalimu akakwambia ni ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo. Bibi mwenye nyumba wenu aliposikia hivyo akasema hiyo ni kalusu ya ng'ombe, mtoto ameitoa kwenye maziwa, na usimpe maziwa tena mpaka apone. Ukaniuliza kama ni kweli, na kama haiwezi kuwa mpox.

Jana kwenye simu nilikujibu mawili tu: mpeleke kituo cha afya, na maziwa usimnyime. Mtoto alikuwa analia na wewe hukuwa na utulivu wa kusikiliza zaidi. Leo umeniambia malaria haikuonekana kwenye kipimo na daktari amemkagua, akasema ni huo huo wa mikono, miguu na mdomo. Namshukuru Mungu. Sasa nakuandikia yaliyobaki, uyasome akilala.

Nianze na bibi, maana hakusema kwa ubaya. Mtu aliyefuga ng'ombe Nakasongola ameiona kalusu kwa macho yake. Ng'ombe anachechemea, mate yanamning'inia mdomoni kama kamba, ndama wanakufa, kisha inatangazwa karantini na soko la mifugo linafungwa wakati karo inadaiwa. Ukimwambia mtu huyo kwamba mtoto ana ugonjwa wa miguu na mdomo, atafikiria nini kingine? Lakini kilichofanana hapo ni jina, maana kalusu nayo huitwa ugonjwa wa miguu na midomo. Kalusu ina virusi vyake, vya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Virusi vya mtoto wako ni vya binadamu. Vimetoka kwa mtoto mwenzake, huenda kwenye kikombe au mwanasesere waliopokezana mdomoni. Ng'ombe hakumpa, na yeye hawezi kumpa ng'ombe. Mwambie bibi hivyo kwa heshima, tena mshukuru kwa kumwangalia mtoto.

Hata sisi wazee hatukukua na jina la ugonjwa huu. Ni madaktari wa Uingereza walioupa jina hilo, baada ya kuuona kwa watoto wa Birmingham mwaka 1959. Kirusi kinachouleta mara nyingi ni cha kundi la coxsackie, jina la mji mdogo wa jimbo la New York, ambako kilipatikana kwenye kinyesi cha watoto waliodhaniwa kuwa na polio. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1948. Nakutajia polio kwa sababu ni ndugu wa karibu wa virusi hivi, na njia zao zinafanana: kinyesi, mikono, mdomo. Huu wa sasa una njia nyingine pia, yaani mate, kamasi, na maji ya yale malengelenge.

Kuhusu mpox, hofu yako naielewa kuliko unavyodhani. Mwaka 2024 wagonjwa wa kwanza wa Uganda walithibitishwa hapa hapa kwetu Kasese, na tangu hapo mama akiona kipele kimoja tu kwa mwanawe, usingizi unakwisha. Tena mpox nayo hutokea viganjani na nyayoni, ndiyo maana sikutaka kukukatia shauri kwa simu. Daktari alipombonyezabonyeza shingoni, chini ya taya na kwenye kinena alikuwa anatafuta tezi zilizovimba. Mpox huzivimbisha sana, na vipele vyake ni vigumu, vimezama ndani ya ngozi. Tetekuwanga huanzia kifuani, mgongoni au usoni, na inawasha. Surua huja na kikohozi, mafua na macho mekundu, upele ukianzia nyuma ya masikio. Huu wa mjukuu wangu hupenda kinywa, viganja, nyayo, na mara nyingi makalio na magoti. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu haujionyeshi, utaona vidoa vya kijivu au vyeusi zaidi ya ngozi. Mgeuze mkono, kiganja ndicho kitakuonyesha.

Sasa nifike kwenye maziwa, ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kaka yako mkubwa alipokuwa na miaka miwili alipata vidonda vya namna hii. Wakati huo nilikuwa nimeanza kazi ya unesi, nikijiona najua. Kila asubuhi na jioni nilimfungua kinywa nikampaka ile dawa ya zambarau, nikahesabu malengelenge yamebaki mangapi. Siku ya tatu yalikuwa yanapungua, nikafurahi. Jioni hiyo shangazi yako alikuja kututembelea, akamnyanyua mtoto, akasema, "Mbona analia na machozi hayatoki?" Nikamwangalia. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka, macho yamezama, na nepi niliyomfunga asubuhi ilikuwa kavu bado. Nilikuwa nimehesabu malengelenge na sikuhesabu vikombe. Alilazwa siku mbili akiwekewa maji kwa mshipa. Sijasahau ile nepi kavu mkononi mwangu, na ndiyo inayonifanya nikuandikie usiku huu.

Ugonjwa wenyewe hauna dawa ya kuuondoa. Kwa watoto walio wengi unaondoka wenyewe kati ya siku 7 na 10. Kinachomwangusha mtoto mara nyingi ni kiu: kinywa kinauma, anakataa kumeza, maji yanamwishia mwilini. Ukimnyima na maziwa, ambayo ndiyo anayapenda, utakuwa umeongeza tatizo juu ya tatizo.

Fanya hivi. Mpe parasetamoli ya maji kwa kipimo cha uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara nne kwa siku. Nesi alishampima, muulize hiyo ni mililita ngapi za chupa uliyonunua, kwa sababu chupa hazilingani nguvu. Aspirini usimpe kabisa. Subiri nusu saa maumivu yatulie, ndipo umletee maziwa. Yawe yamechemshwa kama kawaida, kisha sufuria uikalishe kwenye beseni la maji baridi mpaka yapoe kabisa. Kitu cha moto kwenye vidonda ni adhabu. Usimpe kikombe kizima, atakiona tu na kugeuza uso. Mpe kijiko kimoja, hesabu dakika mbili tatu, mpe kingine. Akikataa kijiko, tumia bomba la sindano lisilo na sindano, umtilie kidogo kidogo pembeni ya shavu. Uji mwepesi uliopoa ni mzuri, maji ni mazuri, na ile ORS waliyokupa, ile ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, ni nzuri. Bongo, yaani maziwa ya mgando, mjaribishe, ila ukali wake ukimwasha acha. Pasheni, machungwa na nyanya viweke kando wiki hii. Chakula asipokula siku mbili usiogope, mradi anakunywa.

Kuna watakaokwambia ni ebiino, yaani meno ya uongo, wakupeleke kwa mtu wa kumng'oa. Hapo nakataza kama mama yako. Kile wanachokikwangua na kukiita meno ya uongo ni meno ya kweli ambayo hayajatokeza, na watoto wamekufa kwa damu na vidonda vya kazi hiyo. Antibayotiki nazo haziui virusi, usinunue. Malengelenge usiyatoboe.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, hasa ukitoka kumtawaza au kumbadilisha nguo. Ile dawa ya kupaka mikononi mliyoizoea tangu Korona haina nguvu sana kwa virusi vya aina hii. Vikombe na vitu vyake vya kuchezea vioshe, kisha uvipitishe kwenye maji yenye klorini na kuvisuuza. Shuleni asirudi mpaka joto limekwisha, udenda umekoma na malengelenge yamekauka. Virusi hukaa kwenye kinyesi wiki kadhaa baada ya kupona, kwa hiyo usilegeze sabuni ukiona anacheza. Na kwa kuwa wewe mwenyewe una mimba, mweleze mkunga wako. Wajawazito wengi hawadhuriki, lakini ajue, na wewe usile mabaki yake kama ulivyozoea.

Sasa yale ya kukurudisha hospitali bila kunisubiri mimi: muda wa saa nane umepita hajakojoa, joto limepita siku tatu, anatapika kila kitu, analegea na hachangamki hata ukimwita, shingo imekakamaa, anapumua mbio, anayumba akitembea, anapata degedege, au anashtukashtuka usingizini mara kwa mara. Hili la kushtuka watu hulidharau. Kuna kirusi kingine cha ugonjwa huu, kinaitwa enterovirus 71, kinachoweza kuingia kwenye ubongo. Kiliua watoto Sarawak huko Malaysia mwaka 1997 na Taiwan mwaka 1998. China iliidhinisha chanjo yake mwishoni mwa 2015, lakini haimo kwenye kadi ya chanjo ya mwanao. Ni wachache sana wanaofikia huko, na sikuandikii ili ukose usingizi. Nataka ukiona uondoke, hata iwe saa tisa usiku, upande boda uende.

Jambo la mwisho, lisije likakushtua mwezi ujao. Kucha zake huenda zikaanza kuachia, za mikono au za miguu, wiki nne au sita baada ya kupona. Zitabanduka kuanzia kwenye shina, na chini yake utaona kucha mpya inakuja. Haimuumi. Zikate zisikwame kwenye blanketi, basi. Na akipata tena mwaka kesho usidhani ulikosea, virusi vyake ni vingi, na kupona kimoja hakumkingi na vingine.

Baba yako anawasalimu, amesema Ijumaa atatuma nauli nije nikae nanyi wiki moja. Kesho chukua karatasi uibandike ukutani jikoni, kila anapokojoa weka alama. Jioni nipigie, unisomee zimekuwa ngapi.

Mama yako