Kuli wa Thames, mbona hakumalizwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Babangu alikuwa kuli Kilindini mpaka mgongo ukamshinda, sasa yuko nyumbani. Kwenye kitabu cha sanaa nimeona picha ya Whistler, mchoraji wa Kimarekani, iitwayo Black Lion Wharf, ya mwaka 1859, ya gati la mto Thames kule London. Maghala ya ng'ambo ya mto yamechorwa dirisha kwa dirisha, lakini mwanamume aliyeketi mbele kapigwa mistari michache tu. Si dharau hiyo? Nami nataka kumchora babangu. Nimchoreje?
Msomaji, Chaani

JIBU: Marahaba mwanangu. Uchungu wako naufahamu, ila dharau siioni. Picha zile huchorwa kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta, kisha bamba hutiwa asidi, nayo ikala shaba pale tu nta ilipokwaruzwa. Kuufuta mstari ulioliwa ni kazi ngumu, kwa hiyo anayechora mtu kwa mistari michache ameshaamua kila mstari. Madirisha yale nayo yana asili yake: Whistler alijifunza ufundi huu Marekani, katika idara ya serikali iliyochora ramani za pwani.

Yule mtu kaketi karibu nasi mno, jicho limempita likatua ng'ambo. Nenda kivukoni Likoni, ukaze macho kwenye majengo ya upande wa pili. Aliyesimama ubavuni mwako utamwona umbo tu.

Hata hivyo sitakuficha: katika picha hiyo mwenye enzi ni bandari, si mtu. Ukitaka mtu, tafuta The Lime-Burner, ya mwaka huohuo. Hiyo naipenda kuliko zote alizochora Thames. Mchoma chokaa amesimama mahali pake pa kazi, nguzo na boriti zimemzunguka, mwanga unaingia kutoka nyuma. Sisi ambao nyumba zetu za Mji wa Kale zimesimama kwa mawe ya matumbawe na chokaa ya tanuu, kazi hiyo tunaijua, na vumbi lake linavyowasha macho. Na tazama picha inavyoitwa kwa kirefu: W. Jones, mchoma chokaa, Thames Street. Jina, kazi, mtaa! Wangapi waliopakia na kupakua meli hapa Mombasa wamewahi kuandikwa hivyo chini ya picha? Kwenye picha za zamani za bandari yetu utasoma "makuli", basi.

Kwa hiyo babako mchore kwa njia ya mchoma chokaa. Mwache aketi alivyozoea, usimpange. Anza na mabega na viganja, maana huko ndiko magunia yalikopita, uso utakuja wenyewe. Mgongo wake usiunyooshe. Nyuma yake weka vitu vichache anavyovitumia kila siku, usijaze ukuta. Ukimaliza, andika chini jina lake lote, kisha: kuli, Kilindini.