Ardhi iliyoliwa na bahari: namna ya kuipigia hesabu

Kwetu Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, ukiuliza bahari imekula kiasi gani, watu wanakuonyesha kwa kidole: "Ufuo ulikuwa kule." Kidole hakiingii kwenye barua. Ofisini wanataka mita za mraba, na hizo unaweza kuzipata mwenyewe kwa futi kamba, vigingi na hesabu ya trapeza ya shuleni.

Usipime mpaka maji yalipo, maana bamvua (maji yanapojaa sana) na maji mafu (yanapojaa kidogo) haviishii mahali pamoja. Pima mpaka ukingo ulipomeguka, pale mizizi ya mvinje inaponing'inia hewani. Mimi nilianzia kwenye bikoni, ile alama ya mpaka ya wapima ardhi, nikanyoosha kamba sambamba na ufuo, nikachomeka kigingi kila mita 20, kisha nikapima kutoka kila kigingi hadi ukingoni. Mwaka unaofuata rudia mwezi uleule, kwa sababu kusi na kaskazi husukuma mchanga pande tofauti.

Tuseme vigingi vitano vimeonyesha upungufu wa mita 4, 7, 9, 6 na 2. Jumlisha cha kwanza na cha mwisho, gawa kwa mbili: 3. Ongeza vya katikati, 22, unapata 25. Zidisha kwa 20: mita za mraba 500, zaidi ya kiwanja kizima cha 20 kwa 20. Aliyepima kigingi cha tatu peke yake angezidisha mita zake 9 kwa urefu wote wa mita 80, akatangaza 720. Wa kigingi cha mwisho, 160. Majirani hugombana hapo, na kila mmoja anasema kweli ya alipopima.

Kwa miaka ya nyuma tumia picha za zamani za Google Earth, ila kwanza linganisha kona ya paa la nyumba isiyobadilika. Paa likionekana limesogea mita 3 kati ya picha mbili, upungufu wa mita 4 usiuamini.

Kugawa kwa miaka ili upate kasi ni sawa. Kuizidisha kasi hiyo kwa miaka 30 ijayo sikushauri: mchanga ukiendelea kuchimbwa kwenye vijito vinavyoulisha ufuo wetu, kasi haitabaki ileile. Badala yake, kila ukipima andika pia umbali kutoka ukingo hadi ukuta wa nyumba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataja mita 60 kutoka ufukweni kuwa eneo linalolindwa dhidi ya shughuli za kudumu, na nyumba iliyojengwa nje ya mita hizo inaweza kujikuta ndani bila kusogea.