Jibu: Suksa imeisha, rokuroniamu nitoe kiasi gani?
Ndugu, umeuliza kipimo cha rokuroniamu, dawa ya kulegeza misuli kabla ya kuingiza mpira wa kupumulia, kwa kuwa suksa (suksamethoniamu, dawa ya kazi hiyo hiyo) imekwisha stoo. 0.6 mg kwa kilo uliyoitaja haitoshi kwa mgonjwa mwenye tumbo lililojaa. Utasubiri dakika moja na nusu au zaidi misuli ilegee, na matapishi hayakusubiri wewe. Panda hadi 1.2 mg kwa kilo: wa kilo 60 anapata 72 mg, na baada ya sekunde 60 hivi nyuzi za sauti zimelegea, karibu sawa na suksa.

Tofauti ni kwamba nguvu ya suksa huisha ndani ya dakika 10 hivi. Ya rokuroniamu yaweza kukaa saa nzima na zaidi. Sugamadeksi, dawa ya kuizima rokuroniamu, huiondoa, kwa walio nayo. Kwa hiyo kagua njia ya hewa mapema, mpango wa pili, mpira ukishindikana kuingia, uwe tayari mezani kabla ya kusukuma sindano.

Na mwenye majeraha makubwa ya moto ya wiki iliyopita, suksa asipewe hata ikiwepo: potasiamu ya damu hupanda ghafla.